Mtaji wa Mama Hauliwi

Ndugu vijana wa parokia,

Siku ya soko hapa Gety, kabla jua halijapanda juu ya vilima, akina mama huwa wamekwisha kutua mizigo yao: unga wa muhogo, maharage, mafuta ya mawese katika bidoni za manjano, samaki wa chumvi waliopandishwa kutoka Ziwa Albert. Wengi wenu mmelelewa na biashara hizo. Minervali mliyolipiwa, nguo nyeupe mliyovaa siku ya Kipaimara, hata daftari mnamoandikia nyimbo za kwaya, vilitoka katika faida ya vikombe vya unga. Naandika leo juu ya akina mama hao, na juu ya fedha ambazo serikali husema itawakopesha. Nina neno kwa serikali, lakini neno langu zito zaidi ni kwenu, kwa sababu serikali iko mbali nao, na ninyi mnalala nyumbani mwao.

Tunasikia redioni habari za mikopo na mafunzo kwa wanawake wenye biashara ndogo, na habari hizo si uongo. Mwaka 2018 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 100 kwa mradi wa nchi yetu wa kusaidia biashara ndogo na za kati, unaojulikana kama PADMPME. Mradi huo uliwalenga hasa wanawake na vijana, ukaanzia Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Mwaka 2022 ukafuata mwingine, TRANSFORME, wenye dola milioni 300. Lakini tazameni majina ya mahali hapo: ni miji mikubwa. Toka Bunia hadi kwetu ni kilomita zipatazo 60 tu, na hata hivyo kwa fedha za namna hiyo njia ile ni ndefu kuliko ya Kinshasa. Mtu anayeshindania msaada wa aina hiyo huulizwa mpango wa biashara ulioandikwa vizuri, hati za biashara, na namba ya akaunti. Mama mwenye bidoni nne za mawese hana hata kimoja kati ya hivyo. Anacho kichwa kinachojua bei ya mawese katika masoko matano, ila maarifa hayo hayana mahali pa kuandikwa katika fomu.

Majirani zetu wamejaribu njia nyingine, na wengi wenu mmefika kwao kwa kuvuka ziwa. Uganda ilianzisha mwaka 2016 mpango wa kuwakopesha wanawake katika vikundi vya watu 10 hadi 15. Kikundi kinacholipa ndani ya miezi 12 hakitozwi riba, na kinachochelewa hutozwa asilimia 5 kwa mwaka. Kenya ina mfuko wa serikali kwa ajili ya wanawake tangu 2007. Tanzania imeweka katika sheria kwamba kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni jambo la kutamanisha. Walakini mwaka 2023 serikali ya Tanzania ililazimika kusimamisha mikopo hiyo kwa muda, kwa kuwa fedha nyingi hazikurudi, na wakaguzi walikuwa wamekuta vikundi hewa, yaani vikundi vilivyoishi katika karatasi tu. Mwaka uliofuata ilirudishwa kwa utaratibu mpya. Nasimulia haya si kwa kuwacheka ndugu zetu. Nataka tuone kwamba hata pale serikali inapokuwa na nia na fedha, mkopo unaweza kufa njiani, na mara nyingi hufa mahali ambapo hakuna anayemfahamu anayekopa.

Sasa turudi kwetu, tufanye hesabu. Niwieni radhi; nilisomea ualimu, na mwalimu hawezi kuona ubao mtupu akaacha kuandika. Namba hizi ni za mfano, lakini mkimwuliza mama yeyote sokoni atawapa zake, na mtaona hazipishani sana kwa sura.

Tuseme mama amekopa katika kikundi chake faranga 100 000 kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi. Ananunua bidoni nne za mawese kwa 20 000 kila moja: 80 000. Nauli ya pikipiki ni 12 000. Vizuizi vya njiani vinamtoza 2 000 kwa kila bidoni: 8 000. Fedha yote imekwisha. Akifika mjini anauza kila bidoni 30 000, anapata 120 000. Anarudisha mkopo 100 000 na riba 5 000. Amebaki na 15 000, na ndani ya hizo hatujahesabu usiku aliolala nje, wala mgongo wake.

Tazameni vizuri. Riba imemla 5 000. Vizuizi vimemla 8 000. Basi serikali ikija kesho na mkopo usio na riba, itamwongezea 5 000, na njia ile ile itaendelea kumnyang’anya 8 000. Kama serikali isingemkopesha hata senti moja, bali ingeondoa vizuizi tu, angekuwa na faida kubwa kuliko ile ya mkopo wa bure. Sitaji nani anasimama kwenye kizuizi kipi. Ninyi mnawajua, na mmepita mbele yao mkiwa mmeinamisha macho. Ninachosema ni hiki: Leta, kama wazee wanavyoiita serikali, isijihesabu kuwa mkopeshaji kabla haijakoma kuwa kamba inayofungwa barabarani. Mkoa wetu uko chini ya utawala wa kijeshi tangu tarehe 6 Mei 2021. Walioaminiwa usalama wa barabara ndio wanaoweza kufanya kazi hii kwanza, tena bila kuomba dola hata moja ng’ambo.

Nikiwa bado kwa serikali, niongeze la pili. Tarehe 28 Februari 2020, hapa hapa Gety, serikali na FRPI walitia sahihi mkataba wa amani. Wengi wenu mlikuwa watoto, lakini mnakumbuka jinsi tulivyopumua. Tangu hapo kila tunapozungumza juu ya kazi na msaada, wa kwanza kutajwa ni yule aliyekuwa na silaha: apewe nini ili asirudi porini. Ni haki kumfikiria. Akiachwa hivi hivi, sote tutalia tena. Lakini yule mama ambaye miaka yote ya vita alibeba chumvi na sabuni kutoka upande mmoja wa mstari hadi upande wa pili, akalisha wanaokimbia na pengine hata wanaofukuza, hakuwahi kuhesabiwa kuwa tatizo, na kwa sababu hiyo hakuhesabiwa kabisa. Mwenye bunduki huitwa mezani. Mwenye bidoni hupita nyuma ya nyumba.

Na jambo la tatu, ambalo sijalisikia likisemwa na watoa mikopo. Kwetu watu hukimbia. Kijiji kinaweza kulala na bidhaa, kikaamka katika msitu. Mkataba wa mkopo usiosema itakuwaje siku kijiji kinapokimbia haukuandikwa kwa ajili ya Ituri. Nani atabeba hasara ya unga ulioteketea? Kama jibu ni mama peke yake, basi tumemwongezea adui mwingine, naye ni deni. Serikali inayotaka kukopesha huku iandike kwa maneno ya wazi kwamba hasara ya vita ni yake, maana kulinda watu ni kazi yake.

Hata hivyo, akina mama hawakukaa kusubiri. Mnayafahamu makundi ya AVEC, na kabla yake likelemba. Njia hii ya AVEC ilianza huko Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini, ikasambaa Afrika nzima, ikafika hata kwetu. Wanawake 15 hadi 25 wanakutana, kila mmoja ananunua hisa kadiri ya nguvu zake, fedha inaingia katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa wanawake watatu wa nyumba tatu. Anayekopa anakopa mbele ya wote, anarudisha mbele ya wote. Mwisho wa mwaka wanagawana akiba na faida, kisha wanaanza upya. Wengi wao hawakumaliza shule ya msingi, lakini hakuna anayeweza kuwadanganya ni nani anadaiwa, kwa sababu wameihesabu fedha ile kwa sauti, noti kwa noti, kila juma.

Hapo ndipo ningetaka mkopo wa serikali upitie. Kikundi kilichomaliza mwaka mmoja na kugawana bila ugomvi kikopeshwe kiasi kisichozidi kile kilichojiwekea chenyewe. Mwaka wa pili kiongezwe. Majina ya vikundi na kiasi walichopewa yabandikwe mahali ambapo kila mtu anasoma, hata mlangoni pa kanisa. Vikundi hewa havipendi kusomwa kwa sauti. Tena deni liwe deni kweli. Nimeona baada ya vita fedha zilizoitwa mkopo zikigawanywa kijijini, na waliozileta hawakurudi kuziulizia. Watu walicheka, wakasema Mungu ametukumbuka. Mwaka uliofuata hakuna aliyetaka kurudisha deni hata la jirani yake, na sanduku la kikundi kimoja nililolifahamu likafunguliwa likakutwa na karatasi. Zawadi iliyovaa jina la mkopo ilikula mikopo yote iliyokuwa hai.

Na mafunzo? Nimekaa katika vyumba vya mafunzo mara nyingi, kama mwanafunzi na kama mwalimu, na nakiri kwamba mara nyingi tunafundisha kile tunachojua sisi, si kile anachokosa anayesikiliza. Huko Togo watafiti waliwagawa wafanyabiashara wadogo 1 500 katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilifundishwa mambo tuliyoyazoea: hesabu, fedha, kutafuta wateja. La pili lilifundishwa kujianzishia jambo bila kungoja kuambiwa, kuona nafasi ambayo jirani hajaiona, na kutokata tamaa mbele ya kikwazo. La tatu halikufundishwa kitu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: katika miaka miwili faida ya kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30, na ile ya kundi la kwanza ilipanda kidogo mno hata haikuweza kutofautishwa na bahati. Kwa mwalimu wa hesabu ni habari chungu kidogo, lakini naipokea. Mama zetu hawahitaji kuambiwa kwa Kifaransa, chumbani mjini, maana ya neno mteja. Wanahitaji mtu wa kukaa nao sokoni na kuuliza: mbona wote sita mnauza unga ule ule, mahali pale pale, kwa kikombe kile kile?

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, yumo mjane ambaye mdai wake alikuwa anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha hakumpa fedha. Alimwuliza kwanza ana nini nyumbani, na ilikuwepo chupa moja ya mafuta. Kisha akamtuma akaazime vyombo kwa majirani, tena vingi. Mara nyingi tunasimulia muujiza wa mafuta tukasahau kazi ya wale wana wawili. Mama alimimina; wao walimletea vyombo. Wale wale waliotakiwa kuchukuliwa kwa ajili ya deni ndio waliosaidia kulimaliza, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mmoja wao aliomba chombo kimoja kiuzwe pembeni ili anunue viatu.

Hapa sasa nafika kwenu, na sitaki kuanza kwa kuwanyoshea kidole, kwa maana mwenye kosa hili nilikuwa mimi.

Miaka mingi iliyopita mama wa watoto wangu alikuwa akiuza unga na mawese. Mimi nilikuwa mwalimu ambaye mshahara wake ulikuja ulipotaka. Alikopa katika kikundi chake, akaniambia siku hiyo hiyo, kwa heshima. Fedha ikakaa katika kopo chini ya kitanda ikingoja siku ya soko. Siku mbili kabla ya soko ndugu yangu mdogo alikuja. Ukoo wa mchumba wake walikuwa wanangoja mbuzi wa mwisho wa mahari. Nilichukua fedha ile. Sikuiba, nilijiambia; mimi ni kichwa cha nyumba, nitarudisha mshahara ukifika. Mshahara ulichelewa miezi minne. Yeye hakupiga kelele. Alikwenda kulima mashamba ya watu kwa siku, akalipa deni lote na riba yake, na katika kikundi hakusema ni nani aliyekula mtaji. Ila hakukopa tena kwa miaka mitatu. Nilikuwa nafundisha katekisimu wakati huo, pamoja na amri ya saba.

Sheria yenyewe ilinipa kichwa kikubwa. Kifungu cha 448 cha Sheria ya Familia ya mwaka 1987 kilisema kwamba mwanamke aliyeolewa hana budi kupata ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga katika jambo la kisheria. Kwa miaka 29 mama wa nchi hii aliweza kuendesha duka, lakini kwa kutia sahihi alihesabiwa kama mtoto. Sheria mpya ya tarehe 15 Julai 2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Nawaomba mlikumbuke tarehe hiyo, hasa ninyi wasichana, ili siku mtu mezani atakapowaambia mlete kwanza barua ya mume, mjue la kumjibu. Lakini sheria ya karatasi haikuingia katika kopo lililo chini ya kitanda. Huko bado tunatawala sisi, waume na wana.

Mnafahamu ninazungumza juu ya nini. Ni simu ya kioo ambayo mwenzako anayo. Ni sehemu ya kwanza ya kulipia pikipiki, ambayo utairudisha utakapoanza kubeba watu. Ni safari ya machimbo ya dhahabu: mama, nipe kidogo tu, nitarudi na kikubwa. Rudini kwenye hesabu yetu. Mama mwenye 100 000 ya kuzungusha, ukimtoa 40 000, hapungukiwi na 40 000 tu. Bidoni zake zimepungua, riba imebaki 5 000 ile ile, na mwezi unaofuata atakuwa anauza ili kulipa deni, si ili kula. Baada ya miezi mitatu biashara imekufa, na watu watasema mikopo ya wanawake haifai. Ninyi mtakuwa wa kwanza kusema hivyo.

Msinisome vibaya. Sisemi kijana asiombe. Aende kwenye kikundi, mbele ya sanduku, aseme anataka kufanya nini na atarudisha lini, kama mama yake alivyofanya. Faida inaweza kuliwa, hata kwa furaha. Kuku wa Noeli atoke huko. Mtaji hauliwi.

Kuna kazi moja naiomba kwa vikundi vyote vya vijana, Xaveri, Kiro na kwaya pia. Mna kalamu, mmesoma hadi sekondari, na wengi wenu hamna shughuli siku za juma. Kila kikundi cha AVEC katika jumuiya zetu kipate vijana wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja, wa kuandika daftari la hisa na madeni, na kulisoma kwa sauti mwisho wa kila kikao. Nimesema juu ya Togo kwamba hesabu haikuzi biashara, na sirudi nyuma; ila daftari safi huzuia ugomvi, na siku serikali itakapofika kweli kutafuta nani wa kukopesha, daftari la miaka miwili lisilofutwafutwa litakuwa hati ambayo hakuna ofisi inayoweza kulitengenezea siku moja. Wataokuwa tayari waniletee majina yao baada ya Misa ya kwanza, Jumapili hii. Nitawafundisha namna ya kuchora mistari. Inachukua saa mbili. Kushika sanduku lenyewe ni marufuku. Hilo akina mama wameniambia niliandike wazi.

Nyumbani kwetu, mama wa watoto wangu alirudi katika kikundi. Mwaka huu amechaguliwa kuwa mmoja wa wenye funguo. Sijui anapouficha ufunguo wake, na sijauliza.